"Unatumika ku kampuni gani?" Historia fupi ya kulipa kisha, ku Lubumbashi

Bandugu, kwa zamu yangu ya mwezi huu nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya reli iliyofika hapa kwetu mwaka 1910. Reli itangoja. Kuna jambo lililonipata ku duka moja la simu, na tangu siku ile nasoma vitabu vya historia ya mji wetu kwa macho mengine.

Wengi wenu munajua kazi yangu. Nina diploma ya historia, na ninaishi kwa kusaisi memwari za wanafunzi, kuzisahihisha na kuzichapa. Simu njo ofisi yangu: kazi inaingia kwa simu, malipo yanaingia kwa simu, na wanafunzi wananitumia picha za kurasa usiku wa manane. Kioo cha simu yangu kilipasuka mwezi wa pili. Ndipo nikaona tangazo ku duka moja mjini: chukua simu mpya leo, pamoja na intaneti, ulipe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Abonema ya kulipa kisha.

Nikasema, hii imeandikwa kwa ajili yangu. Nilibeba kadi ya mpiga kura, risiti za kodi ya nyumba, na karatasi ya benki yenye muhuri inayoonyesha kwamba katika miaka minne nimekopa mara tatu na nimelipa mara tatu, bila kuchelewa hata siku moja. Mkopo wa mwisho ulikuwa wa mashine ya kuchapia. Nilikuwa na kiburi kidogo na ile karatasi, sitaficha.

Dada wa dirishani aliisoma yote. Alikuwa na heshima, na sina neno baya juu yake.

"Dosie yako iko muzuri, yaya. Sasa unatumika ku kampuni gani?"

"Natumikia miye mwenyewe."

"Ah. Basi hapo njo shida. Sisteme inaomba kampuni."

"Lakini unaona, sina deni hata moja."

"Ndiyo, naona. Deni hauna. Lakini kampuni pia hauna."

Alinirudishia karatasi zangu zikiwa zimepangwa vizuri kuliko nilivyozileta. Nje, chini ya parasoli, kijana aliniuzia unite za franka elfu moja bila kuniuliza hata jina.

Mwanzoni nilikasirika kama mtu yeyote. Kisha nikaanza kujiuliza kama mwanahistoria: lile swali, unatumika ku kampuni gani, limetoka wapi? Maana yule dada hakulitunga yeye, wala mashine yake haikulitunga. Katika mji huu swali hilo lina umri wa miaka zaidi ya mia.

Babu yangu aliingia Union Minière mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alipozeeka alisahau majina ya wajukuu, alimwita kila mtoto kwa jina la baba yangu. Lakini ukimuuliza matrikili yake, anakutajia tarakimu zote bila kusita, kama mtu anayesali. Nilipokuwa mdogo nilicheka. Sasa naelewa kwamba ile namba ilikuwa ufunguo wa nyumba, wa hospitali, wa shule ya watoto, na wa posho.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mji wenyewe ukaanza mwaka 1910. Mwaka uleule wa 1910 kulianzishwa ofisi iliyoitwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta watu wa kuchimba shaba, maana hapa watu hawakutosha. Miaka ya kwanza wafanyakazi walikuja kwa mikataba mifupi, wakafa wengi kwa magonjwa, wengine wakatoroka, wengine wakamaliza miezi yao wakarudi kwao. Kwa mtu wa namna hiyo hakuna anayeuza kwa deni. Leo yupo, kesho hayupo.

Karibu na mwaka 1928 kampuni ilibadilisha njia. Ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu wanaume walete wake zao kambini, ikajenga nyumba, shule, maternite. Walioandika historia wanaiita siasa ya kutuliza wafanyakazi mahali pamoja. Haikuwa huruma. Ilikuwa hesabu: mtu aliyezoea kazi, mwenye mke na watoto kambini, ana faida kuliko mgeni wa kila miezi sita. Lakini hesabu ile ilizaa kitu kipya ku Lubumbashi, yaani Mwafrika ambaye kesho yake inajulikana. Posho inakuja kwa siku yake. Mshahara unakuja kwa siku yake. Na mtu ambaye kesho yake inajulikana, sasa anaweza kukopeshwa.

Babu alisimulia namna alivyonunua kinga yake. Hakutoa feza zote kwa mara moja. Alionyesha kitabu chake cha kazi, wakaandika namba, na kila mwezi kidogo kilikatwa mpaka kinga ikawa yake. Baadaye mashini ya kushona ya bibi ilikuja kwa njia ileile. Nilimuuliza kama muuzaji alimjua. "Anijue wapi? Alijua namba."

Hapo ningependa tukae kidogo, sababu njo kiini cha jambo lote. Muuzaji hakumwamini babu, aliiamini kampuni. Babu angeweza kuwa mwizi au mlevi, kinga angepata. Na jirani yake wa Kamalondo, fundi seremala wa kujitegemea, mtu wa kanisa asiyewahi kula feza ya mtu, yeye alilipa kwanza. Uaminifu wa seremala ulijulikana na watu wa barabara yake tu. Haukuwa na karatasi.

Msifikiri ninaiimbia Union Minière. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941, vita ya dunia imepandisha bei ya kila kitu, wafanyakazi waligoma wakaomba mshahara uongezwe. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi uwanjani, hapahapa mjini, wakaanguka watu makumi. Kesho inayojulikana ilikuwa na bei yake, na aliyepanga bei hakuwa mfanyakazi.

Baada ya vita serikali ya wabelgiji ilijaribu kitu kinachofanana zaidi na kile kilichonipata dukani: kumpima mtu mmoja mmoja. Mwaka 1948 ilileta kadi ya mérite civique, kadi ya raia mwema. Mwaka 1952 ikaongeza immatriculation, ambayo ilipaswa kumweka mwenye kuipata karibu na mzungu mbele ya sheria. Wenye masomo, makarani, walimu, manesi, wale walioitwa ba évolués, walijipanga kuomba.

Kuomba kulikuwa mtihani wa nyumba nzima. Kamati ilikuja kutembelea: choo ni safi? Familia inakula mezani kwa uma na kisu? Kuna vitabu? Mke anaongea kifaransa? Mtu aliyesoma, aliyefanya kazi miaka kumi bila doa, anasimama sebuleni mwake huku wageni wakihesabu vijiko. Na baada ya hayo yote anaweza kuambiwa hapana. Patrice Lumumba, wakati ule karani wa posta kule Stanleyville, aliomba immatriculation akakataliwa mara ya kwanza. Alipewa mwaka 1954, baada ya kukata rufani. Mpaka mwaka 1958, katika nchi yenye watu karibu milioni 14, waliokuwa na kadi ya raia mwema walikuwa 1,557, na waliopewa immatriculation walikuwa 217. Mia mbili na kumi na saba! Promosyo moja ya kitivo chetu ina watu zaidi ya hapo.

Nikilinganisha, nadhani muuzaji wa kinga alikuwa na haki kuliko ile kamati. Yeye aliuliza kitu kimoja, akakijua, akauza. Kamati iliuliza vitu mia moja juu ya tabia ya mtu, na jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla hawajabisha hodi.

Kuweka feza, kinyume chake, kuliruhusiwa. Mwaka 1950 ilianzishwa Caisse d'Épargne, ile tunayoiita leo CADECO, na watu walihimizwa kuweka akiba. Mlango wa kuingizia feza ulikuwa mpana.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Kwa mfanyakazi wa kawaida jina lilibadilika, matrikili ilibaki. Baba yangu aliipata yake mwishoni mwa miaka ya 1970. Hospitali, shule, posho, vyote vilikuwa vya kampuni, na mtu wa Gécamines alikuwa mtu wa kuoa, kama wanavyojua ba mama zetu. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka.

Halafu ikaanguka. Nitapita haraka hapa maana wengi mumezaliwa ndani ya majumba ambamo hadithi hii inasimuliwa kila Jumapili. Mwezi wa tisa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 askari walipora miji, na Lubumbashi haikupona. Miaka ya 1992 na 1993 ndugu wa Kasai walifukuzwa, na pamoja nao ilikwenda sehemu kubwa ya mafundi. Mwaka 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU aliandika kitabu juu ya familia za wafanyakazi hawa, na kichwa chake kinawaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Nilipokisoma mwaka wa pili niliona kichwa hicho kimezidisha. Sikioni hivyo tena.

Pamoja na kampuni ilianguka feza yenyewe. Wazee wanakumbuka mwisho wa mwaka 1979, serikali ilipotangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina thamani tena, ikatoa siku chache tu za kubadilisha, na kwa kiasi kidogo. Mwaka 1993 zaire milioni tatu za zamani zilifanywa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikawa franka moja ya Kongo. Pigeni hesabu ya akiba ya mtu aliyeweka feza mwaka 1975 akangoja. Katika hali hiyo nani atauza kitu leo alipwe mwezi ujao? Mwaka 1994 bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Kukopesha kulikuwa kutoa zawadi.

Kilichobaki ni mikopo ya watu wanaoonana uso kwa uso. Likelemba, ambamo wamama kumi wanachanga na kila mwezi mmoja anabeba. Kadi ya kila siku, ambayo mkusanyaji anapita sokoni, anaweka alama, na mwisho wa mwezi siku moja ni yake. Na kwa walimu na watu wa serikali waliokosa mshahara, Banque Lambert. Vijana wengine wanadhani ni benki yenye jengo. Hapana. Ni jina tulilochukua kwa mchezo kutoka benki ya kweli ya Ubelgiji, tukawapa wakopeshaji wa mtaani wanaodai riba ambayo hata sitaki kuiandika. Kule pia dhamana ni karatasi ya kazi. Mwalimu anaacha kadi yake ya kuchukulia mshahara mkononi mwa mkopeshaji.

Mwaka 2003 Gécamines, kwa feza za Banki ya Dunia, iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Baba alikuwa mmoja wao. Nilikuwa mtoto, lakini siku moja naikumbuka vizuri. Kulikuwa na mzee aliyeuza unga karibu na kambi, na nyumba yetu ilichukua mfuko kwake kila mwezi na kulipa kisha, kwa miaka yote niliyokuwa nimeishi. Baba alinituma. Mzee aliniuliza, kwa upole kabisa: "Papa yako eko bado ku Gécamines?" Nikasema hapana. Akasema nimwambie papa alete feza kwanza. Nilirudi na mfuko mtupu. Baba alikaa kimya, akautazama ule mfuko, akaukunja akauweka juu ya kabati. Alikuwa mtu yuleyule wa wiki iliyopita, na hakuwa na deni kwa mzee yule hata franka moja.

Sasa tuje kwa simu.

Simu ya zamani, ya waya na posta, ilikuwa ya kulipa kisha, na ilikufa pamoja na serikali iliyoiendesha. Waya zikaibwa, na ku mji wa shaba munajua zilikwenda wapi. Katika miaka ya 1990, ukitaka kuongea na ndugu wa Kinshasa au Mbuji-Mayi, unaenda nyumba ya foni, unangoja zamu yako, na kila mtu aliye pale anasikia habari za ndoa yako. Simu ya mkononi ilikuwapo tayari. Telecel ya Miko Rwayitare ilianza Kinshasa katikati ya miaka ya 1980, kati ya za kwanza kabisa Afrika. Lakini kifaa chake kilikuwa cha maelfu ya dola, na wateja walikuwa mawaziri, majenerali na wafanyabiashara wakubwa.

Kilichotufungulia mlango ni kitu kidogo cha karatasi: kadi ya kukwaruza. Kulipa kwanza kulianza Ulaya katikati ya miaka ya 1990, na Ureno ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Kule ilikuwa njia ya kuwauzia vijana na watu ambao faili zao zingekataliwa. Yaani ilikuwa huduma ya pembeni, kwa wale wasioaminika. Kampuni ya Celtel ya Mo Ibrahim, msudani, ilikuwa kati ya zilizoifanya kuwa huduma ya kila mtu hapa Afrika. Celtel iliingia Kongo mwaka 2000, Vodacom ikafuata mwaka 2002, na katika miaka michache Lubumbashi ilijaa parasoli.

Tusidharau jambo hili. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1910 kitu cha kisasa kilikuja mjini bila kuuliza unatumika ku kampuni gani. Mama wa soko la Kenya, mchimbaji wa kujitegemea, mwanafunzi, baba yangu asiye na matrikili, wote walikwaruza kadi ileile. Hakuna kamati ya kuhesabu vijiko. Namba mpya ilikuja kwetu, ya tarakimu kumi, na haikutoka kwa kampuni ya shaba. Baba aliijua namba yake ya simu kwa moyo ndani ya wiki moja, na aliitaja kwa sauti ambayo babu alitumia kwa nyingine.

Niliwahi kufikiri kwamba ubaya wa kulipa kwanza ni huu: haiachi alama. Ukilipa kwanza miaka ishirini, hakuna anayeweza kusema wewe ni mlipaji mzuri, maana hukupewa nafasi ya kuwa mbaya. Nilitaka kuandika hivyo, na ningekosea.

Alama ipo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2012 M-Pesa imeingia Kongo, na mitandao mingine ina huduma kama hiyo. Kila mwanafunzi aliyenilipa memwari kwa simu, kila kodi niliyotuma, kila unite niliyonunua, imeandikwa mahali. Tena mtandao wenyewe unanikopesha! Unite zikiisha usiku, naomba kwa kubonyeza, napewa za mkopo, kesho nikijaza unakata pamoja na faida yake. Hauniulizi kampuni. Una hesabu yangu ya miaka, unajua ninalipa, unaniamini kwa franka mia tano. Kwa simu ya dola mia mbili ndipo unarudi kwa swali la mwaka 1928.

Kwa hiyo shida haiko ku alama. Iko ku swali la nani ameishika. Kitabu cha kazi cha babu, angalau, alikibeba mfukoni na kukionyesha.

Kule Marekani walipita njia nyingine, na si kwamba ni paradiso. Makampuni yalikusanya mafaili ya watu kwa siri miaka mingi, mpaka sheria ya mwaka 1970 ilipompa mtu haki ya kujua faili yake ina nini, na kuambiwa faili ya nani imetumika anapokataliwa. Mwaka 1989 ilikuja alama ya FICO, namba kati ya 300 na 850, na leo namba hiyo inaamua juu ya nyumba, gari na abonema ya simu. Ndugu zetu waliokwenda kule wanajua ladha yake. Mtu mzima mwenye diploma, aliyelipa madeni yake yote Afrika, anafika Texas na anaambiwa hana historia. Anaanza na simu ya kulipa kwanza kama alivyoanza hapa. Nilipomwambia rafiki yangu wa kule kilichonipata, alicheka sana. "Wewe wamekukatalia kwako, miye walinikatalia ugenini. Tofauti ni tikiti ya ndege."

Kenya iko karibu zaidi nasi. Tangu M-Shwari, mwaka 2012 pia, wanakopesha kwa kutazama mwendo wa feza ndani ya simu, bila kuuliza mwajiri. Mwaka 2020 Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo, simu ya kulipa shilingi 20 kwa siku, na usipolipa simu inajifunga yenyewe. Yaani simu njo inakuwa dhamana ya simu. Wengine wanalalamika, na wana sababu: watu wengi waliandikwa ku orodha ya wadeni wabaya kwa madeni madogo sana, wakakosa kila kitu kingine. Mimi nakubali kwamba faili inaweza kukuua. Lakini mkenya anayekataliwa, anakataliwa kwa sababu ya jambo alilofanya yeye. Mimi nilikataliwa kwa sababu ya jambo ambalo mwingine hakunifanyia, yaani kuniajiri.

Na hapa, ndugu wenye diploma, nani kati yetu ataajiriwa na kampuni? Muhesabu promosyo yenu. Miye nimehesabu yangu. Tulikuwa sitini na kitu. Wenye karatasi ya mshahara hawafiki kumi na tano. Wengine wanauza, wanafundisha kwa saa, wanaendesha taksi, wanasaisi kama miye. Wanalipa kodi ya nyumba, wanalipa shule za wadogo zao, wanachanga likelemba. Mashine ya yule dada inawaona wote kama mtu mmoja asiyejulikana.

Nilirudi dukani baada ya wiki moja, si kugombana, kuuliza tu kama kuna njia nyingine. Aliniambia iko moja: mtu wa kampuni anaweza kuchukua abonema kwa jina lake.

Nina mdogo yangu, mtoto wa shangazi, aliyeanza kazi ku kampuni moja ya madini miezi mitatu iliyopita. Kijana mzuri, lakini kwa feza... Ana deni langu la dola themanini tangu mwaka juzi, na kila nikimkumbusha anasema "mwezi ujao, yaya". Tulienda naye Jumamosi. Dada alichukua karatasi yake moja ya mshahara na beji yenye matrikili, akaandika kidogo, na baada ya dakika ishirini sanduku la simu lilikuwa mezani. Karatasi yangu ya benki nilikuwa nayo mfukoni. Hakuna aliyeiomba.

Simu ninayo mimi. Abonema ni yake. Kila tarehe 28 ninamtumia sehemu yangu, naye anailipa dukani, na ku mashine yao inaandikwa kwamba yeye ni mlipaji mzuri. Nimenunua daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Upande wa kushoto naandika kila ninacholipa, na yeye anatia sahihi. Upande wa kulia nimeandika dola themanini zake, na chini yake bado ni kweupe.